Konokono Hulala Kwa Mzee, Hula Kwa Mama: Uchambuzi wa Kisa cha Majirani Wawili wa Tanga

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea Tanga mjini wakati wa masika, kati ya nyumba mbili zinazotenganishwa na ukuta mfupi wa tofali za saruji uliopakwa chokaa. Upande mmoja anaishi mzee mstaafu wa bandari, mwenye miche ya mipapai, kuku wachache wa kienyeji na benchi la mbao chini ya mwarobaini. Upande wa pili anaishi mama anayelima matuta ya mchicha na bamia uani kwake, na kila asubuhi huuza mafungu ya mboga barazani. Ukuta wao haufiki kifuani kwa mtu mzima, na kwa hiyo umekuwa mahali pa mazungumzo kuliko kizuizi. Baada ya alasiri mzee huteremsha birika la kahawa chungu, mama huleta kashata au maandazi yaliyobaki, kila mmoja akaegemea upande wake, wakazungumza habari za bei ya dagaa, upepo uliokataa kuvuma, na kunguru waliodokoa sabuni karoni. Nyumba yangu iko nyuma ya zote mbili, na mambo ninayoyaeleza niliyaona au niliyasikia yakisemwa palepale ukutani.

Malalamiko yalianza na mchicha. Mama alikuwa amehamisha miche kutoka kitaluni siku ya mvua nzuri, na baada ya siku chache tuta zima likabaki vishina visivyo na majani. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa kuku, kama ilivyo kawaida katika uani wowote wa pwani. "Shikamoo mzee wangu," alisema jioni hiyo kabla hata ya kupokea kikombe, "kuku wako wamenimaliza." Mzee aliitikia marahaba, akamimina kahawa bila haraka, kisha akajibu: "Kuku wangu wanaingia bandani jua likizama, mwanangu, na mchana nawafungia kwa ajili ya kunguru. Mchicha wako unaliwa saa ngapi?" Ilikuwa hoja nzuri. Mama alikuwa amemwagilia jioni akauacha mchicha mzima, na alfajiri akaukuta umekwisha. Aliyekula alikuwa mla usiku.

Shaka ikahamia kwa komba, kwa sababu tu komba hupiga kelele usiku katika mwembe wa jirani, na mwenye kelele huwa ni mwepesi wa kushukiwa. Komba ana makosa yake, nayo yanajulikana: hula matunda yaliyoiva, huwinda wadudu, hulamba utomvu wa miti, na wagema wa mwambao wamezoea kukuta vibuyu vyao vya tembo vimeingiliwa. Majani ya mchicha, hata hivyo, si chakula cha kumshusha komba mtini. Panzi nao walitajwa kidogo wakaachwa, kwa kuwa hawafyeki miche michanga hadi udongoni kwa usiku mmoja.

Ushahidi wenyewe ulikuwa umelala wazi juu ya tuta, ila ulihitaji mtu wa kuinama. Majani machache yaliyobaki yalikuwa na matundu mapana yenye kingo zilizochakaa, yakianzia katikati ya jani na si pembeni. Juu ya udongo na juu ya tofali za ukuta palikuwa na michirizi iliyokauka, inayong'aa kwa rangi ya fedha ukiitazama kwa ubavu. Karibu na vishina palikuwa na vinyesi vilivyojikunja kama utepe, vya kijani kwa sababu aliyevitoa alikuwa amekula mchicha. Kilichonivutia zaidi kilikuwa ukutani kwenyewe: chokaa ilikuwa imekwanguliwa kwa mabaka madogo yenye mistari mistari, hasa sehemu ya chini, penye unyevu. Saa tatu usiku, baada ya manyunyu, mama alitoka na tochi akawakuta wenyewe, konokono wakubwa wa kahawia, baadhi juu ya tuta na baadhi wakishuka ukutani.

Konokono huyu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Lissachatina fulica, ni mwenyeji wa mwambao wa Afrika Mashariki, na Tanga ni nyumbani kwake kwa maana kamili. Anahitaji unyevu, joto na madini ya chokaa ya kujengea kombe lake, na mji huu umekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni. Ukuta uliopakwa chokaa kwake ni chakula. Kombe lake linaweza kufikia sentimita 20, ingawa wale wa uani huwa na nusu ya urefu huo au chini yake. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike pamoja. Baada ya kujamiiana huweza kuhifadhi mbegu kwa muda mrefu na kutaga mara kadhaa, na taga moja huwa na mayai kuanzia 100 hadi 400, madogo, ya rangi ya maziwa, yaliyofukiwa katika udongo laini au chini ya majani yaliyooza. Kiangazi kikikaza hujifungia ndani ya kombe kwa utando mgumu, na huweza kukaa hivyo kwa miezi. Ndiyo maana mtu husema hawakuwapo, kisha mvua ya kwanza ikashuka nao.

Kutoka hapa kwetu alisafirishwa na watu hadi Mauritius mwanzoni mwa karne ya 19, akafika Kolkata mwaka 1847, na Hawaii mwaka 1936. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliyetoka Hawaii aliingia Miami, Florida, na konokono watatu. Bibi yake akawaachia bustanini, na baada ya miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000. Jimbo hilo lilitumia takriban muongo mmoja na kiasi cha dola milioni 1 kuwaondoa. Mzee, ambaye ujana wake aliutumia kupakia marobota ya katani melini, alipolisikia hilo alicheka sana, kwa kuwa mkonge nao uliletwa Tanga kutoka Florida mwaka 1893, na kwa hesabu yake deni limelipwa.

Turudi uani. Hatua za mwanzo alizochukua mama zinafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndizo ambazo karibu kila mtu huzichukua. Alianza na chumvi. Chumvi humuua konokono kweli, kwa kumvuta maji mwilini, lakini mama hakumwekea konokono mmoja mmoja. Aliinyunyiza kuzunguka tuta kama ua. Mvua iliiyeyusha ikaingia ardhini, na jua lilipotoka ukoko mweupe ukaonekana juu ya udongo. Mche wa mpapai uliokuwa mwisho wa tuta, aliopewa na mzee, ukaungua kingo za majani. Kisha akajaribu majivu ya jiko la mkaa. Majivu makavu humsumbua konokono kwa kuwa hushika ute wake, lakini yakilowa huwa tope tu, na masika si msimu wa kutegemea kitu kikavu. Duka la pembejeo lilikuwa na chambo cha chembechembe chenye metaldehaidi, nacho huua konokono. Lakini huua pia mbwa na kuku wanaokidonoa. Mama, pamoja na hasira zote, alikataa kukiweka hatua chache kutoka kwa kuku wa jirani. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya mwezi ule, na haukumgharimu chochote.

Hatua ya tatu ndiyo iliyogeuza kero ya bustani kuwa ugomvi wa majirani. Mama alianza kuwaokota konokono usiku kwa ndoo, na kwa kuwa aliona wanashuka ukutani kutoka upande wa mzee, akawa anawamwaga upande huo huo. Kwake haikuwa uchokozi. Alikuwa anarudisha mali kwa mwenyewe. Mzee, alipoamka na kukuta konokono wamelundikana chini ya miche yake ya mipapai na wawili watatu wamepanda benchi, aliona jambo hilo tofauti kabisa. Hakusema neno. Usiku uliofuata aliwazoa kwa koleo la bustani akawarusha walikotoka. Hali hiyo iliendelea kwa siku kadhaa, kila upande ukiamini unajitetea, na kahawa ya alasiri ikawa inanywewa mbali na ukuta, mama akikaa barazani na mzee akigeuza mgongo kwenye benchi lake. Walisalimiana, kwa sababu katika mtaa wetu salamu haikatwi hata watu wakichukiana, lakini salamu ilikuwa fupi na ikaishia hapo.

Aliyekwamua jambo hili alikuwa mjukuu wa mama, binti anayesoma sekondari, na njia aliyoitumia haikuwa mpya. Kule Devon, Uingereza, bibi mmoja mpenda bustani, Ruth Brooks, aliwahi kuwa na swali hilo hilo: je, konokono aliyetupwa ng'ambo ya ua hurudi? Aliwatia alama kwa rangi ya kucha, akabadilishana konokono na majirani, na kwa kusaidiwa na mwanabaiolojia Dave Hodgson wa Chuo Kikuu cha Exeter akaonesha kwamba konokono wa bustani wa kule huelekea kurudi kwao hata wakipelekwa umbali wa mita 30 hivi. Kazi hiyo ilimpa ushindi katika shindano la sayansi la redio ya BBC mwaka 2010. Konokono wa Devon si wa jamii ya huyu wetu, lakini watafiti wa Kijapani walioishughulikia jamii hii katika visiwa vya Ogasawara nao wameeleza tabia yake ya kurudi mahali pa kupumzikia.

Binti alipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye makombe ya wale waliookotwa kwa bibi yake, kisha akaenda kwa mzee kwa adabu zote, akapiga goti, akaomba ruhusa ya kuwapaka rangi nyeupe wale waliookotwa upande wake. Mzee alikubali, nadhani kwa sababu swali lililoletwa na mtoto halina lawama ndani yake. Isitoshe, rangi nyeupe ya madirisha ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo. Wakaachiwa kila kundi upande wa pili, kama walivyokuwa wakirushiana.

Majibu yalipatikana mchana, wala si usiku, na hapo ndipo kiini cha kisa kilipo. Kwa muda wote huo watu wawili walikuwa wakibishana konokono wanatoka wapi kwa kuangalia wanakopita usiku, ilhali konokono humaliza sehemu kubwa ya maisha yake amelala. Binti alipoanza kufunua vitu saa nne asubuhi, wengi wa wekundu na weupe pamoja walikuwa ndani ya rundo la makumbi ya nazi lililoegemezwa ukutani kwa mzee, wamejibana katika tabaka la chini, lililolowa na kuanza kuoza. Wachache zaidi, wa rangi zote mbili, walikuwa nyuma ya mabanzi ya mbao karibu na karo la mama, ambapo maji ya kuoshea vyombo hutiririka kutwa nzima. Kwenye miche ya mipapai hapakuwa na hata mmoja, wala kwenye tuta la mchicha. Kwa maneno mengine, walilala hasa kwa mzee, wakala hasa kwa mama, wakalamba chokaa ya ukuta wa wote wawili njiani. Swali la "konokono wa nani" halikuwa na jibu, na kila ndoo iliyomwagwa ng'ambo ilikuwa imewapunguzia tu konokono safari ya kwenda kulala au ya kwenda kula.

Miongozo mingi ya bustani ingeishia hapa kwa agizo la kusafisha uani. Agizo hilo ni sahihi, lakini kwa kawaida halifuatwi, na kisa hiki kinaonesha sababu yake. Rundo la makumbi halikuwa takataka. Jioni mzee huwasha makumbi machache kwenye bati bovu, na moshi wake mzito hufukuza mbu pale kwenye benchi; bila moshi huo hakuna kukaa nje baada ya magharibi wakati wa masika, na bila kukaa nje hakuna kahawa. Siku akipata changu wa kuchoma, kuni zake ni hayo hayo makumbi pamoja na vifuu. Alipoambiwa ayatupe alijibu bila kupandisha sauti: "Nikiyatupa, mwanangu, konokono wataacha kula mchicha wako na mbu wataanza kunila mimi." Mabanzi ya mama nayo yalikuwa na kazi yake, kwani yaliwekwa ili mtu asikanyage tope anapokwenda karoni. Katika mazingira ya namna hii, suluhisho linalomnyima mtu starehe yake ndogo ya kila siku litadumu wiki moja.

Walichokubaliana, tena wakiwa wamesimama ukutani na birika likiwa kati yao, kilikuwa ni kuyainua makumbi badala ya kuyaondoa. Mzee alijenga kichanja cha fito juu ya tofali nne, akakisogeza mbali na ukuta penye jua la asubuhi, akakifunika kwa bati lililochakaa. Chini ya kichanja upepo hupita na udongo hukauka, na konokono hapendi mahali pakavu palipo wazi. Mzee alipata faida ambayo hakuitarajia, kwa kuwa makumbi makavu hushika moto mara moja. Kwa mama, mabanzi yalibadilishwa kwa vipande vya tofali vilivyopangwa bila nafasi chini yake, na mfereji mdogo ukachimbwa ili maji ya karo yaende mtaroni yasituame. Akaacha pia kumwagilia jioni siku zisizo na mvua; sasa humwagilia asubuhi, ili ifikapo usiku uso wa tuta uwe umekauka. Hilo la mwisho halikuwa na maana kubwa katikati ya masika, wakati mbingu ndiyo inayomwagilia, ila lilionekana wazi mvua zilipopungua.

Waliobaki waliwindwa kwa mtego mmoja rahisi. Gunia kuukuu la katani hulowekwa maji na kutandazwa kando ya tuta jioni, chini yake yakiwekwa maganda ya papai. Konokono huvutwa na harufu, hula, kisha alfajiri hubaki hapo hapo kwa sababu gunia lenyewe ni makazi yenye unyevu. Asubuhi gunia hufunuliwa na wote huokotwa. Hapa nilisisitiza jambo moja ambalo mama hakulipenda, kwamba wasishikwe kwa mikono mitupu. Konokono huyu anajulikana duniani kwa kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo hupita kwa panya na konokono na, ikimwingia binadamu, huweza kuleta uvimbe wa utando wa ubongo. Kwa hiyo hutumika koleo kuukuu la mkaa, mikono huoshwa kwa sabuni, na mchicha huoshwa jani kwa jani kabla ya kukatwa, jambo ambalo muuza mboga angepaswa kulifanya hata kama hakuna konokono. Waliookotwa humwagiwa maji yanayochemka, hufukiwa shimoni, na makombe yaliyokauka mzee huyatwanga na kuwachanganyia kuku chakula kwa ajili ya ganda la yai.

Lilitolewa pia pendekezo la kufuga bata, nalo si baya: bata hula konokono wadogo na mayai wakiyafikia. Lakini bata hula na mchicha, na hukanyaga usioliwa. Mwingine akataja nguchiro, ambao huweza kuvunja kombe kwa kulirusha nyuma kwenye jiwe, akasahau kwamba nguchiro huyo huyo huingia bandani. Tamaa ya kumtafutia mharibifu adui wake imewahi kuleta hasara kubwa kuliko hii. Katika visiwa vya Pasifiki, konokono mla nyama kutoka kusini mashariki mwa Marekani aliletwa ili ammalize huyu wetu. Badala yake akawala konokono wadogo wa asili, na jamii nyingi za konokono wa miti waitwao Partula wa Polinesia zikatoweka kabisa. Mzee alimaliza hoja hiyo kwa kusema kuwa kuku wanamtosha.

Hali ilivyo sasa ni kwamba mchicha unafika sokoni, ukiwa na tundu hapa na pale, na wateja hawalalamiki. Mche wa mpapai ulioungua kwa chumvi haukupona; mzee alitoa mwingine, na tuta lile limemwagiwa maji mengi na kuongezwa samadi kabla ya kupandwa tena. Konokono hawajaisha, wala hakuna aliyedai kwamba wataisha. Ukanda wa udongo chini ya ukuta, pande zote mbili, utapigwa jembe jepesi kabla ya vuli ili mayai yaliyofukiwa yapate jua, na wamepanga kuufanya siku moja, kwani kuulima upande mmoja tu ni kazi bure. Ukuta wenyewe mama alitaka upakwe rangi ya mafuta badala ya chokaa. Mzee anaona gharama ni kubwa, na suala hilo bado linazungumzwa. Kuna pia nyumba ya tatu, ng'ambo ya mtaro, yenye lundo la tofali na mabati lililokaa kwenye majani marefu tangu ujenzi ulipokwama. Mwenye nyumba aliendewa na wote wawili pamoja, akawapokea vizuri, akawakaribisha maji ya kunywa, akasema kwake hakuna konokono hata mmoja maana yeye halimi kitu.